Kimvita Si "Uhuru wa Mshairi"

Uliza yeyote aliyefanya KCSE hapa Eldoret kuhusu ushairi, atakuimbia: mizani, vina, vipande, bahari, halafu uhuru wa mshairi. Chini ya huo uhuru, kando ya inkisari na kuboronga sarufi, kuna alama moja ya bwerere: "ametumia lahaja."

Hapo ndipo mimi hubisha. Chukua Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mtu wa Mombasa. Alifungwa 1969 kwa sababu ya Kenya: Twendapi?, makala ya kuikosoa serikali, akatoka 1972. Mashairi aliyaandika kisiri kwenye karatasi za choo, kitabu kikachapishwa 1973. Kimvita ndiyo lugha ya kwao. Sasa mtu yuko seli, na sisi tunamhesabia "uhuru" wa kuongea vile huongea?

Tena hiyo lahaja ndiyo inashikilia shairi. Mvita macho ni mato, nchi ni nti. Haya, jaribu "kusahihisha." Ma-to ni mizani mbili, ma-cho pia mbili. N-ti mbili, n-chi mbili (hiyo n inasimama peke yake, usiimeze). Mshororo wa 16, nane kwa nane, haujaguswa. Lakini mato likikaa mwisho wa mshororo, kina ni -to, na ubeti mzima unakitegemea. Wewe umeleta -cho. Soma kwa sauti, utasikia kama matatu imeingia shimo.

Ama chukua jina la shairi lake moja, Mnazi: Vuta N'kuvute. Wengi wetu wa bara hiyo n' tunaipita mbio, tunapata mizani tano. Mpwani anaipa pumzi yake: vu-ta-n-ku-vu-te, sita. Utasema ni inkisari. Sawa, hesabu "vuta nikuvute." Bado sita! Hakuna mizani iliyopunguzwa hapo. Ni vile watu husema tu.

Ndani yake Alii na Badi wanabishana juu ya mnazi, na wasomaji wengi huuona mnazi huo kama nchi yenyewe: nani mwenyewe, nani amenyimwa. Hapa Uasin Gishu, mahali stori ya shamba inaweza kunyamazisha meza nzima ya chai, istiara hiyo haihitaji mwongozo. Tafuta mwenzako, mmoja awe Alii, mwingine Badi, msome kwa sauti. Na hiyo n' msiiruke.