Dodoso la Daktari Burkitt

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa watoto Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya, kushoto na kulia, juu na chini. Burkitt hakuelewa ule ugonjwa. Baada ya muda mfupi akiwa Jinja, alitupa macho dirishani akamwona mtoto mwingine, naye kavimba vilevile.

Watoto kama hao walikuwa wameshaonwa na wengi. Albert Cook, mwanzilishi wa hospitali ya Mengo, aliwaandika kwenye kumbukumbu zake miongo kadhaa kabla. Burkitt aliongeza hatua moja tu: alikwenda kupekua mafaili, akakuta watoto wenye uvimbe wa taya mara nyingi walikuwa pia na uvimbe tumboni. Yaliyokuwa yakihesabiwa kuwa maradhi mbalimbali yalikuwa saratani moja.

Wanafunzi wa shahada za juu huniuliza mara kwa mara kuhusu takwimu na programu za kompyuta. Hayo yanafundishika. Kigumu ni kutunga swali ambalo mtu mwenye shughuli zake atalijibu. Burkitt alichapisha dodoso fupi lenye picha, akalituma kwa mamia ya hospitali barani Afrika: je, mmewahi kumwona mtoto wa namna hii? Kila jibu la ndiyo akalitia alama kwenye ramani. Mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakaenda hadi Afrika Kusini, kilomita zipatazo 16,000 kwa majuma kumi, wakitafuta ukingo wa eneo la ugonjwa. Ni kazi ya vumbi na pancha, isiyo na maabara hata moja.

Ramani ilionyesha kwamba kwenye nyanda za juu, kupita takribani mita 1,500, ugonjwa hauonekani. Burkitt akashika hoja ya mwinuko. Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi Entebbe akamwambia kinachohesabika ni joto, na kwamba ramani ile inafanana na ya maradhi yanayoenezwa na mbu. Burkitt akalipokea hilo. Kwangu mimi, sifa hii ndiyo adimu kuliko zote. Nimeona watu wenye akili nyingi wakiitetea ramani yao ya kwanza mpaka kustaafu.

Mapema mwaka huohuo wa 1961 alikuwa ametoa mhadhara London, na Anthony Epstein akausikiliza. Epstein alianza kupokea vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, akavichunguza kwa hadubini ya elektroni bila kuona virusi vyovyote. Siku moja ukungu ukailazimisha ndege kutua Manchester. Sampuli ikafika imechelewa, maji yake yamechafuka kama yenye bakteria. Badala ya kuimwaga, aliitazama: zilikuwa seli hai za saratani zikielea. Akazikuza, na mwaka 1964 yeye na wenzake Achong na Barr wakatangaza kirusi kipya ndani yake.

Kirusi hicho huenea kwa mate. Mbu hakibebi, yeye huleta malaria, ambayo ikimrudia mtoto mara kwa mara hudhoofisha kinga inayokidhibiti.