Kipima tetemeko kipi kwa Kyela?

Desemba 2009 Karonga ya Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, ilitikiswa mara kwa mara kwa matetemeko yaliyovuka kipimo cha 5. Bonde la Ufa lililowatikisa majirani zetu ndilo linalopita chini ya mpunga na kakao ya Kyela. Ulaya wanabishania bei ya chombo cha sayansi: handaki jipya la CERN, maabara ya fizikia, la kilomita 91 na faranga za Uswisi bilioni 15 hivi. Sisi tuna la kujiuliza pia: tununue nini cha kuisikiliza ardhi hii?

Cha ghali kuliko vyote ni msafara wa utafiti. Mwaka 2005, kwenye maji ya Malawi, tishari lililogeuzwa mtambo lilichimba mita 380 chini ya sakafu ya Ziwa Nyasa, mahali penye kina cha maji cha mita 590 hivi. Kisha, kati ya 2013 na 2015, fedha za Marekani ziligharamia mradi wa SEGMeNT uliotandaza vipima tetemeko Tanzania na Malawi, vingine ndani ya ziwa lenyewe. Tunalojua leo kuhusu mpasuko wa Nyasa limetokana kwa sehemu kubwa na kazi hiyo, na siibezi hata kidogo. Ila mradi ulipokwisha, vifaa viling'olewa.

Kituo cha kudumu chenye kipima kizuri na kinasa data huzidi dola 10,000. Hicho husikia hata mawimbi ya polepole yanayotoka bara jingine. Vile vidogo vya aina ya Raspberry Shake ni dola mia kadhaa tu. Tetemeko la karibu hulinasa vizuri, la mbali mara nyingi hulikosa.

Bei ya dukani isikuhadae. Kinachoua vituo ni betri iliyochoka, bando lililokwisha na fundi asiye na nauli. Halafu kuna mahali pa kuweka kifaa. Kyela mjini udongo ni wa mito, laini. Chimba shimo msimu wa masika, maji yanakukuta kabla hujafika kiunoni. Kifaa kikikaa jirani na mashine ya kukoboa mpunga, mchana kutwa kitachora ngurumo ya mashine. Matema, chini ya Milima ya Livingstone, kuna mwamba, ingawa ni lazima upande juu kidogo uyaache mawimbi ya upepo wa kusini yakipiga ufukweni.

Mimi ningenunua kimoja kizuri cha mwambani Matema, na vidogo vitatu au vinne kwa shule za tambarare, ambako udongo laini huongeza mtikisiko. Fedha za uendeshaji za miaka mitano ningezitenga kabla ya kuagiza hata waya. Na muuzaji ningemuuliza: data zitakaa wapi, na mwalimu wa fizikia wa shule ya Ipinda atazifunguaje?