Jicho Jeupe la Ngege

Mvuvi wa Ubwari akivua ngege mwenye jicho jeupe kama maziwa na vidonda ubavuni, atasema nini? Mmoja pwani atasema samaki huyo kaumizwa na wavu. Wa pili, maji yametiwa sumu. Na wa tatu, kwa bahati mbaya, atataja jina la jirani yake. Wote watatu wanasema, wala hakuna aliyeona kitu.

Jambo kama hilo lilitokea Galilea, katika ziwa lile lile la Mtume Petro. Mwaka 2005 wavuvi walipata humo tani 316 za tilapia wa kienyeji. Mwaka 2009 walipata tani 8 tu. Samaki wengine walionekana na macho yaliyotiwa ukungu. Hatimaye, mwaka 2014, wataalamu wa Israeli walitangaza kwamba wamepata katika tilapia virusi visivyojulikana bado.

Waliviona kwa njia gani? Hadubini ya kawaida, ile ya zahanati, hutumia mwanga, na mwanga hauwezi kuonyesha kitu kidogo namna hiyo: virusi hivyo zaidi ya 13,000 vikipangwa mstari mmoja ndipo vijaze milimita moja. Ikatumika hadubini ya elektroni, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliiunda Berlin mwaka 1931. Hiyo hurusha elektroni, vijichembe vya umeme, na kuziongoza kwa sumaku mahali pa vioo. Hewa yote huondolewa ndani yake, maana hewa huzitawanya.

Basi samaki mzima hatiwi humo. Hukatwa kipande kidogo cha ubongo au cha ini, kikatiwa dawa mara moja kisioze, kikakaushwa maji, kikagandishwa katika utomvu mgumu, ndipo kikakatwa kwa kisu cha almasi vipande vyembamba kuliko sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Samaki aliyelala juani tangu asubuhi hafai kitu, hata mashine iwe ya fedha nyingi namna gani.

Nayo ni ya fedha nyingi kweli. Kwa hiyo, kiini cha ugonjwa kikisha kujulikana, wataalamu hutumia njia nyepesi zaidi ya kutafuta alama zake za urithi. Ndivyo ilivyofanyika Ziwa Viktoria: mwaka 2018 ilitangazwa kwamba alama za virusi hivyo zimepatikana katika sato wa upande wa Uganda na wa Tanzania, nao samaki hao walionekana wazima.

Hapo ndipo penye hatari kwa wafugaji wa samaki wa Fizi na Baraka. Ugonjwa huu hushika hasa jamii ya tilapia, si ndagala, wala haijaonekana kwamba humwambukiza mtu. Lakini vifaranga vinavyonunuliwa mbali ili kutiwa bwawani huweza kuuleta vikiwa vinaogelea vizuri, na bwawa likifurika mvua ya masika, maji yake huishia ziwani.