Kuufundisha Upya Ubongo: Tiba ya Wasiwasi wa Kurudiarudia

Wapo watu wanaonawa mikono hadi ngozi ikachubuka, wanaorudi mlangoni mara kumi kuhakikisha kuwa kufuli limefungwa, au wanaorudia udhu hadi wakati wa sala ukawapita. Wengi wao wanajua fika kwamba hofu yao imepita kiasi, lakini hawawezi kujizuia. Jamii huwaona kuwa wachamungu waliopitiliza, au hudhani wamerogwa. Kitabibu, huu ni ugonjwa wa wasiwasi wa kurudiarudia, nao unatibika. Makala haya yanaeleza jinsi mojawapo ya tiba zake inavyotumia uwezo wa ubongo wa kujibadilisha.

Ubongo una mabilioni ya seli za neva zinazowasiliana kupitia maungio yaitwayo sinapsi. Sinapsi zinazotumika mara kwa mara huimarika, na zisizotumika hudhoofika. Uwezo huu huitwa unyumbufu wa ubongo, na haukomi utotoni. Ndio unaomwezesha mtu mzima kujifunza ufundi au lugha mpya. Hata hivyo, unyumbufu hauchagui kati ya jema na baya. Mgonjwa anaposhika kitasa cha mlango, hofu humpanda. Anaponawa, hofu hushuka. Nafuu hiyo ndiyo mtego wenyewe: ubongo hujifunza kwamba kunawa ndiko kulikomwokoa, na kesho hudai tena. Mazoea yana tabu, walisema wahenga.

Tiba huukata mzunguko huo. Mwaka 1966, Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, alichapisha taarifa za wagonjwa 2 waliosaidiwa kwa kukabili wanachokiogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao ya kurudiarudia. Leo, mgonjwa na mtaalamu hupanga vichochezi vya hofu kama ngazi, kuanzia chepesi hadi kizito. Mgonjwa hushika kitasa, kisha hanawi. Hofu hupanda, na mara nyingi hupungua yenyewe. Hata isipopungua upesi, hugundua kwamba anaweza kuivumilia na kwamba baya alilolitazamia halikutokea. Zoezi hurudiwa kila siku, kwa maana somo la mara moja halikai.

Je, ubongo hubadilika kweli? Mwaka 1992, Lewis Baxter na wenzake wa Los Angeles, Marekani, walipima matumizi ya sukari katika ubongo wa wagonjwa kabla na baada ya matibabu. Baadhi walipewa dawa ya fluoksetini, wengine tiba ya tabia pekee. Kwa waliopata nafuu katika makundi yote mawili, shughuli ilipungua katika kiini cha ndani ya ubongo kiitwacho kaudeti, upande wa kulia. Mazoezi na dawa viliacha alama mahali pamoja.

Familia nayo ina nafasi yake. Ndugu anayejibu kwa mara ya ishirini, "Usijali, pasafi," anafanya hivyo kwa huruma, lakini anaulisha ugonjwa. Ni heri akubaliane mapema na mgonjwa maneno mengine, mfano: "Naona unateseka, nitakaa nawe mpaka ipite." Kumkejeli au kumshurutisha kwa nguvu hakumponyi.

Yafaa pia kutahadharisha. Kuufundisha upya ubongo si kujilazimisha kufikiri vyema, wala si sababu ya kuacha dawa bila kauli ya daktari. Wagonjwa wengi huhitaji vyote viwili. Aidha, somo jipya halifuti la zamani, bali hushindana nalo. Kwa hiyo dalili zinaweza kurejea wakati wa msiba, ugonjwa au uchovu. Huko si kushindwa. Ni ishara ya kurudia mazoezi na kumwona mtaalamu.

Ikiwa mawazo au matendo ya kurudiarudia yanakula zaidi ya saa 1 kwa siku, au yanavuruga kazi, masomo na ndoa, nenda kituo cha afya kilicho karibu na uombe rufaa kwa mtaalamu wa afya ya akili. Mwenye mawazo ya kujidhuru asisubiri miadi: apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake.