MARA MOJA NI NGAPI?

Lugha ni chombo, na chombo chenye tobo dogo huzama na shehena yake. Tobo letu la leo ni neno "mara".

Waraka wa ofisi ukisema, "Sheha afike mara moja," je, afike upesi, au afike siku moja tu asirejee tena? Muuza duka akisema bei ya mchele imepanda mara mbili, je, imepanda kwa awamu mbili, au imekuwa maradufu? Hesabu hizo haziwi sawa hata kidogo.

Lililo zito zaidi ni dawa. Mgonjwa aandikiwapo "kidonge kimoja kutwa mara tatu", huweza kumeza asubuhi, adhuhuri na alasiri, kwani kutwa ni mchana. Usiku kucha dawa humpungukia mwilini. Ikiwa makusudio ni kila baada ya saa nane, basi na iandikwe hivyo.

Kadhalika, taarifa isemayo kwamba pampu ya maji "huharibika mara kwa mara" haimfai mpangaji. Idadi bila ya muda si kipimo, na "mara kwa mara" haina hata idadi. Iandikwe: "Imeharibika mara nne katika mwezi mmoja." Hapo fundi atajua cha kuandaa, na mkubwa hatakuwa na pa kujificha.

Basi kila mtendaji, kabla ya kutia saini, yampasa ajiulize: mara ngapi, na katika muda gani? Mwananchi amezaye dawa kwa kuyaamini maandishi yetu anastahiki jawabu hilo.