KILWA KISIWANI, MJI WA MAWE KATIKA BAHARI

Hapa Lwiro tunasema Kiswahili kila siku, sokoni na kwenye mpira, lakini wengi wetu hatujaona hata siku moja miji ya zamani ya lugha hii. Mmoja wao ni Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania.

Toka Dar es Salaam unafuata barabara ya kusini, karibu kilometa 300, mpaka Kilwa Masoko. Pale unaomba kibali kwenye ofisi ya serikali, kisha unavuka kwa mashua. Maji si mapana, kama kilometa mbili tu. Mtu wa Ziwa Kivu hataogopa.

Kwanza utaona ngome inayoitwa Gereza. Wareno waliteka mji mwaka 1505, wakaupora na kujenga ngome yao. Kuta za leo nyingi ni za Waomani waliojenga upya baadaye.

Lakini kitu cha kutazama sana ni Msikiti Mkuu. Sehemu ya zamani ina karibu miaka elfu moja. Sultani al-Hasan bin Sulaiman aliupanua sana katika miaka ya 1300, akaweka kuba na matao juu ya nguzo. Simenti haikuwako! Walijenga namna gani basi? Walichukua mawe ya matumbawe. Yale ya ndani ya maji ni laini yakiwa mabichi, unayachonga kwa urahisi; yakikauka yanakuwa magumu. Mengine waliyapanga juu ya kuni nyingi wakayachoma, wakapata chokaa ya kushikanisha kuta. Dari za nyumba zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hizo si ndefu. Ni kwa sababu hiyo vyumba vya Waswahili wa zamani ni vyembamba na virefu, kama koridoo.

Sultani huyo huyo alijenga Husuni Kubwa, jumba lenye vyumba zaidi ya mia na birika la kuogea la pembe nane. Feza ilitoka wapi? Ilitoka kwa zahabu ya Sofala, iliyopitia Kilwa. Sarafu yake moja ilikutwa hata Zimbabwe Kuu, mbali sana ndani ya bara. Msafiri Ibn Battuta alimtembelea mwaka 1331 akausifu mji.

Nani alijenga? Wataalamu wengi wa Ulaya waliandika kwamba ni wageni tu, kama vile Mwafrika hawezi kupanga jiwe juu ya jiwe. Mwaka 2023 ulitoka uchunguzi wa mifupa ya makaburi ya pwani, na Kilwa imo. Ulionyesha kwamba upande wa mama wengi walikuwa Waafrika, na upande wa baba kuko damu nyingi ya Uajemi, iliyoanza kuchanganyika karibu mwaka 1000. Basi walikuwa wenyeji walioolewa na wafanya biashara, na watoto wao wakawa Waswahili.

UNESCO iliandika Kilwa katika urizi wa dunia mwaka 1981. Toka 2004 mpaka 2014 ilikuwa kwenye orodha ya hatari, sababu mawimbi na mvua vinakula kuta. Kwa hiyo usipande juu ya kuta, hata kwa kupigwa picha.

Kisiwa si kitupu: kuko kijiji cha wavuvi. Utasema nao bila mkalimani, lakini Kiswahili chetu cha Kivu kitawachekesha kidogo.