Watoto na Wadudu Nyumbani: Kweli au Si Kweli?

“Mzazi asiyesoma sayansi hawezi kumfundisha mtoto habari za wadudu.”
Si kweli. Mwaka 1660 mjini Frankfurt, Ujerumani, Maria Sibylla Merian, msichana wa miaka 13, alianza kufuga viwavi wa hariri na kuchunguza jinsi wanavyogeuka. Mwaka 1705 alichapisha kitabu chake maarufu cha wadudu wa Suriname, kilichojaa michoro ya mkono wake. Nanyi anzeni hivyo hivyo, kwa kutazama na kuchora: mpe mwanao daftari na penseli. Usichokijua, kitafuteni pamoja vitabuni.

“Kiwavi hula jani lolote.”
Si kweli, na hapa ndipo miradi mingi ya watoto hufa. Viwavi wengi huchagua sana majani. Anzeni na mlimau au mchungwa. Vile viwavi vichanga vinavyofanana na kinyesi cha ndege ni watoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Chukueni kimoja pamoja na tawi lake, mkitie katika chupa pana iliyofunikwa kwa kipande cha chandarua, na kila siku mkipe majani mabichi ya mti uleule. Kikikua hugeuka kijani. Kikiguswa, huchomoza nyuma ya kichwa pembe laini ya rangi ya chungwa yenye harufu kali. Hakiumi, kinatisha tu. Mtoto apime urefu, achore, aandike tarehe. Kikiwa pupa, yaani hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo, hakili tena, ila wekeni kijiti ndani, maana kipepeo akitoka sharti aning'inie ili mabawa yajikunjue na kukauka. Kisha mtoto mwenyewe amwachilie.

“Kumbikumbi ni mchwa.”
Kweli. Ni mchwa walioota mabawa, hutoka msimu wa mvua kwenda kuanzisha vichuguu vipya.

“Mtoto ashike kila mdudu ndipo ajifunze.”
Hapana! Baadhi ya viwavi wenye manyoya huwasha vibaya. Yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi haumi, lakini akipondwa majimaji yake huunguza ngozi. Apeperushwe, asipigwe. Akishapondeka, osha kwa sabuni na maji mara moja.

“Kufuga vipepeo ni mchezo wa watoto tu.”
Si kweli. Huko Gede, Kilifi, nchini Kenya, tangu 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo, na pupa zao huuzwa ng'ambo. Ukifika magofu ya Gede, mpeleke mwanao akajionee vipepeo hao.